Uso Si Jiwe

Naandika haya sasa kwa sababu ninaweza tena kunyoa ndevu zangu zote mbele ya kioo bila kugeuza macho. Kuna kipindi sikuweza. Kama na wewe uso wako umejaa madoa yaliyoachwa na chunusi, na kila mtu anakuambia kwamba hayo ni mambo madogo, basi nakuandikia wewe. Si mambo madogo. Sitakueleza jinsi ngozi ilivyoumbwa. Hayo yako vitabuni, nimeyasoma, na hayakunisaidia kupata usingizi. Nitakueleza yaliyonipata na namna nilivyoyapita.

Mimi ni fundi wa kukata na kung'arisha vito hapa mjini Arusha. Sikusomea chuoni. Nilianza kwa kufagia karakana, nikajifunza kwa kutazama, kisha kwa vitabu vya mitumba nilivyovisoma kamusi ikiwa pembeni. Kwetu ni Akheri, chini ya Mlima Meru, lakini tunaishi Kimandolu, mimi na mke wangu, ambaye watu humwita Mama Neema kwa jina la binti yetu wa kwanza. Chunusi za ujana zilinipita bila kunigusa. Zilinirudia nikiwa mtu mzima, kichwa kimeshaanza mvi, wakati ambao mtu hutarajia magoti kuuma na si uso kuchipua kama wa mvulana wa sekondari.

Zilikuwa kubwa, zenye mizizi, mashavuni, tayani na mgongoni. Asubuhi foronya ilikuwa na alama za njano zenye kingo za damu, na harufu kama ya samli iliyochacha. Nilizikamua. Tena nilizikamua kwa lenzi ya kazini, ile tunayotazamia nyufa ndani ya jiwe. Nakuomba usifanye hivyo kamwe. Mtu akijiona kwa ukubwa ule hajipendi tena kwa urahisi. Niliona vitundu vilivyoziba kwa mafuta, na kile kitu cheupe kinachotoka kikiwa kimejikunja kama funza. Nilikuwa nikimaliza naosha mikono hadi viwiko, na bado nikikaa mezani chakula kinanishinda.

Nilipewa vidonge hospitalini, chunusi zikaanza kupungua, na masika yalipokwisha zikawa zimeondoka. Madoa hayakuondoka. Kila chunusi iliacha doa lake, jeusi, la mviringo, lenye ukingo unaoeleweka. Mashavu yangu yalifanana na kitu kilichorushiwa matope na kuachwa yakauke.

Kazini ninakaa meza moja na Juma, mzaliwa wa Ngarenaro, fundi mzuri mwenye mdomo usio na breki. Yeye ndiye aliyenibatiza.

"Kanga, umeamkaje?" aliniuliza siku moja, na kuanzia hapo karakana nzima ikaniita Kanga, kwa yale madoadoa ya yule ndege.

"Nina jina, Juma."

"Sasa unakasirika nini, mzee wangu? Kanga ana bei kuliko kuku."

Walicheka, nami nikacheka. Lakini kazi yetu ni ya kuinamia taa, vichwa viwili juu ya jiwe moja, na niliona wanunuzi wakivuta shingo nyuma kidogo nilipoinama. Wapo waliouliza. Wapo walionyoosha kidole hadi kikanigusa shavu, kisha wakakifuta kwenye suruali.

Ningeweza kuishi na hayo. Lililonitoa roho lilikuja Januari, wakati wa jua kali, wazee wa upande wa Elia walipokuja nyumbani kwa wazazi wangu Akheri kumposa Neema. Elia ni fundi wa majokofu, kijana mtulivu, na Neema alikuwa amempenda kwa muda mrefu kabla sisi hatujajua. Baba yake Elia ni Mzee Elirehema, mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa, mpenda ugoro.

Kwetu, mazungumzo ya namna hiyo hufungwa kwa pombe ya ndizi, inayonywewa kwa kata, kibuyu chenye mpini. Hata Mlutheri anayekunywa soda mwaka mzima hugusisha midomo siku hiyo. Kata ni moja, nayo hupita mdomo kwa mdomo, na aliyeileta pombe ndiye huionja kwanza, kuonyesha kwamba hakuna ubaya ndani yake. Siku ile pombe ilikuwa yetu. Nikanywa, nikampa Mzee Elirehema kwa mikono miwili.

Aliipokea. Akaitazama. Kisha akatoa leso mfukoni, leso iliyokuwa na rangi ya ugoro wake, akafuta ukingo pale nilipokuwa nimeweka mdomo wangu, akaizungusha kata hadi upande wa pili, akainua. Koo lake halikucheza. Alipoishusha, masharubu yake yalikuwa makavu.

Kata ilipita kwa waliobaki, na kila mmoja akanywea upande ule wa mbali, mpaka upande wangu ukabaki umekauka kama ganda.

Wiki iliyofuata Neema alikuja Kimandolu akiwa amefunga kitambaa kichwani vibaya, kama mtu aliyetoka nyumbani bila kutazama kioo.

"Baba, nisikufiche," alisema. "Kwa kina Elia wamesema mambo yasimame kwanza. Wanataka kuchunguza ukoo."

"Wachunguze nini? Si wanatujua tangu babu?"

Neema alitazama mikono yake. Mama yake ndiye aliyejibu, kutoka jikoni, akiwa hajageuka.

"Waseme tu. Wameuona uso wa baba yako, wakasoma ukimwi."

Tulikwenda kupima, mimi na mke wangu, ingawa tulikuwa tumeshapima zamani. Majibu yalikuwa mazuri. Lakini majibu huwezi kuyabandika shavuni. Na hata yangekuwa mengine, kata ya pombe haimwambukizi mtu, jambo ambalo Mzee Elirehema amelisikia redioni mara nyingi kama mimi. Elia alimtumia Neema ujumbe kwamba yeye hajabadilika, ila hawezi kumpita baba yake. Wazee wake wangerudi baada ya kuvuna kahawa, wakati wa sikukuu za Desemba, au wasirudi kabisa.

"Kama wanaogopa kata," Neema alisema, "wasioe." Halafu akaingia chumbani, tukamsikia akilia kwa sauti ya kujiziba mdomo.

Basi nikaamua kwamba Desemba haitanikuta na uso ule.

Juma alinipeleka kwenye saluni moja aliyoniapia. Msichana alinilaza kichwa nyuma, akanifunika uso kwa taulo la moto. Lile taulo lilikuwa na harufu ya vichwa vya watu wote waliotangulia siku hiyo. Kisha akanisugua kwa kitu chenye chembechembe hadi masikio yakawaka, akamalizia kwa spiriti. Kuungua kule kuna raha ya udanganyifu, unadhani uchafu ndio unaotoka. Nilirudi mara kadhaa. Madoa yakawa na mng'ao, basi.

Baadaye mama mmoja wa vipodozi aliniuzia kikopo kisicho na jina. Ndani kulikuwa na krimu ya rangi ya waridi yenye harufu kama ya dawa ya viatu. Nilipaka siku chache, ngozi ikaanza kuwa nyembamba na nyekundu chini ya macho. Siku moja nikakitafuta nisikione.

"Nimekitupa chooni," alisema Mama Neema. "Huko ndiko kwao."

Ndipo nikarudi kwenye kitu ninachokijua. Nisome kwa makini hapa, maana hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike.

Jiwe likiwa na mkwaruzo, huufuti mkwaruzo. Unalisaga jiwe lote mpaka ufike chini ya kina cha mkwaruzo, kwanza kwa msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, na mwisho kwa poda ya almasi iliyo laini kama unga wa ulezi. Kila hatua hufuta alama za hatua iliyotangulia. Ukiruka hatua, jiwe litakuaibisha. Ukizifuata zote, linatoka kama maji. Nimefanya kazi hiyo zaidi ya nusu ya maisha yangu na haijawahi kunidanganya. Nilijiambia kwamba doa nalo ni alama yenye kina. Wale wa saluni walikosea kwa sababu walitumia chembe moja tu, tena kubwa, bila utaratibu.

Jumamosi moja mchana, wenzangu walipoondoka, nilifunga mlango wa karakana. Nilichukua msasa wa maji, ule laini tunaoanzia kung'arishia, nikaulowesha, nikasugua shavu la kushoto kwa mizunguko midogo, nikisuuza na kutazama kwa lenzi. Nikaenda kwenye msasa laini zaidi. Mwisho nikachanganya poda ya almasi na mafuta ya mgando, nikasugua kwa kipande cha ngozi ya mbuzi, kama ninavyofanya kwa jiwe la mteja mkubwa. Shavu la kulia vivyo hivyo. Niliona madoa yakififia. Naapa niliyaona yakififia. Kumbe nilichokuwa nikikiona ni wekundu wa nyama uliokuwa ukipanda juu na kuyafunika.

Nilifika nyumbani nimejifunika kwa skafu. Mke wangu aliivuta.

"Umefanya nini?"

"Nimeng'arisha."

"Umeng'arisha nini?"

Nilimweleza, kwa mpangilio, hatua kwa hatua. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alianza kucheka, kicheko kile cha kushika mbavu, na katikati yake akawa analia.

"Na mimi nikizeeka, Baba Neema, utaniweka kwenye mashine?"

Siku zilizofuata sitazisahau. Mashavu yalitoa maji ya manjano yaliyokauka yakawa maganda, maganda yakapasuka nilipotafuna, na chini yake kukawa kubichi. Nzi walinifahamu. Foronya ilining'ang'ania uso, na asubuhi niliibandua kwa maji ya uvuguvugu huku nikihisi kichefuchefu kwa harufu ambayo ilikuwa yangu mwenyewe. Mke wangu alibadilisha foronya kila siku, akazifua peke yake, hakumwachia mtu mwingine, na hakusema neno juu yake hata mara moja. Katika ugonjwa utakumbuka vitu vya namna hiyo kuliko dawa.

Maganda yalipodondoka, madoa yalikuwa yametoweka kweli. Mahali pake palikuwa na mabamba mawili meusi, kila shavu moja, meusi kama chini ya sufuria ya kuni.

Kanisani mama mmoja aliyekaa pembeni yangu alisogea, kisha akajifanya anamtafuta mtoto.

Masika yalikuwa yameanza nilipokwenda kliniki ya ngozi. Benchi la kungojea limevikwa plastiki inayonata kwenye mapaja, na ukiinuka inatoa sauti ya kubanduka ambayo kila mtu anaisikia. Mvua ilipiga bati hata majina hayakusikika, tukawa tunainuka bure na kukaa tena. Kwenye benchi la ngozi hakuna siri. Mwenye kisukari anaweza kujificha, na mwenye moyo pia. Sisi tulikuwa tumevaa magonjwa yetu nje, na tulitazamana kwa wizi, kila mmoja akitafuta aliye na hali mbaya kuliko yake. Kulikuwa na mzee mwenye kidonda cha mguu ambacho harufu yake ilifika kabla yake. Kulikuwa na msichana aliyeunguzwa na mkorogo, mashavu mekundu kama nyanya, vifundo vya vidole vyeusi. Nilimwonea kinyaa, kisha nikamwona akinitazama kwa macho yale yale.

Bibi mmoja aliyekaa karibu nami alikuwa akinichunguza waziwazi.

"Shikamoo, bibi," nikasema, ili awe na haya kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Umemwagikiwa na mafuta?"

"Hapana, bibi. Nimejisugua."

"Maskini. Nini kilikuwa kinakuwasha?"

Yule msichana alicheka, akashika mashavu yake kwa maumivu. Nami nikacheka, nikashika yangu. Kwa muda mfupi benchi lile lilikuwa mahali pa kawaida.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, labda umri wa Neema. Alikuwa ameniamkia juujuu, macho kwenye karatasi. Nikamweleza kila kitu kwa utaratibu wake: saluni, kikopo, msasa wa kwanza, msasa wa pili, poda. Kalamu yake ikasimama.

"Poda ya almasi, mzee?"

"Ndiyo, daktari. Ile laini kuliko zote."

Aliweka kalamu chini. "Shikamoo," akasema upya, taratibu, kama mtu anayemwamkia aliyerudi kutoka vitani.

Alinitazama chini ya taa, hakuvuta shingo nyuma, na alinigusa kwa vidole vilivyokuwa na joto. Kisha akasema maneno ambayo nayaweka hapa kama yalivyo. "Jiwe ukilikwaruza linakaa kimya. Ngozi ukiikwaruza inajikinga, na ngozi zetu sisi hujikinga kwa weusi. Kila ulipodhani unafuta, ulikuwa unapaka."

Maagizo yake yalikuwa machache hata nikaona nimeonewa. Nisisugue. Nisikamue. Ninawe kwa viganja na sabuni laini, nijikaushe kwa kugandamiza taulo bila kufuta. Kwanza vidonda vipone kabisa, kisha krimu ya usiku, tone dogo. Asubuhi dawa ya kukinga jua, kila siku, hata kukiwa na mawingu, maana hapa kwetu baridi ya mlima hutudanganya kwamba jua halipo. Kofia pana. Na kusubiri.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Kwenu mnalima nini?"

"Kahawa na ndizi."

"Kahawa ikishavunwa yote, tuongee."

Nilitaka kumwambia kwamba kahawa ndiyo hiyo hiyo waliyonipimia watu wengine. Nilichukua karatasi ya dawa, nikatoka.

Hapo ndipo ugonjwa wenyewe unapoanza, ndugu yangu, kwenye kutokufanya kitu. Mtu aliyezoea kushika chombo hupata tabu kuweka mikono mapajani. Vidole vyangu vilikuwa vinapanda shavuni vyenyewe nikiwa nasoma, nikiwa nasali, nikiwa nasubiri chai. Mama Neema alikuwa akivipiga kwa mwiko.

Krimu ya usiku ilinibandua ngozi. Ilitoka vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, hasa pembeni mwa mdomo. Siku moja kimoja kilidondoka kwenye bakuli la loshoro, mahindi yale yaliyolala kwenye maziwa ya mgando, na nikashindwa kukitofautisha na utando wa maziwa. Niliondoka mezani. Hata leo siwezi kula loshoro bila kukoroga kwanza na kukagua.

Dawa ya jua nayo, kwenye ngozi kama yangu, iliacha weupe wa majivu. Nilipoingia karakana siku ya kwanza, Juma alisimama.

"Jamani! Mzee katahiriwa lini tena?"

Kama hujawahi kupita barabara zetu, vijana wa Kimasai waliotoka jandoni hutembea wamevaa nyeusi na kupaka nyuso zao chokaa nyeupe. Karakana nzima iliacha mashine. Mimi nilikaa, nikawasha taa yangu, nikasema, "Nipeni zawadi basi, kama mila inavyotaka." Juma alinipa andazi. Tangu siku hiyo hakuniita tena Kanga. Aliniita Morani, na nikaona kwamba nimepandishwa cheo.

Kipupwe kilikuja, ukungu ukashuka mlimani hadi kwenye paa zetu, na mlima wenyewe hatukuuona kwa majuma. Kila Jumapili kabla ya kanisa mke wangu alinisimamisha kwenye dirisha lile lile, mwanga ule ule, akanishika kidevu. Niliacha kutumia lenzi na kioo, kwa agizo lake. Yeye ndiye aliyesoma. "Bado," alisema. Jumapili nyingine, "Bado." Nilimchukia kwa neno hilo. Tuligombana kwa vitu visivyo na maana, chumvi, redio, ufunguo, na wote wawili tulijua tunagombania nini. Neema alikuja mara chache, na akija alinitazama haraka shavuni kabla ya kunitazama machoni. Alidhani sioni.

Halafu Jumapili moja, watu wakiwa tayari wanachuma kahawa mbivu, Mama Neema alinigeuza kwenye mwanga, huku na huku, mara mbili.

"Upande wa kushoto," alisema, "umekuwa kahawa."

"Si ulikuwa kahawa?"

"Ulikuwa sufuria. Sasa ni kahawa."

Ndivyo tulivyoendelea. Vuli ilipoanza kahawa ikawa chai ya rangi. Kisha kingo zikaanza kuliwa na ngozi yangu ya kawaida, polepole, kama maji yanavyonyonywa na kitambaa, mpaka bamba likawa visiwa. Sikuwahi kuliona likiondoka. Ukilitazama haliondoki.

Nikuambie ukweli ili usinilaumu baadaye. Hayakuisha yote. Tayani yamebaki machache, na mashavuni kuna vishimo vichache nilivyovichimba mwenyewe siku zile za kukamua. Doa hufifia, shimo halijai. Daktari, nilipomrudia baada ya mavuno, alisema yaliyobaki mengi yatafifia pia nikiendelea, akanitazama chini ya taa yake na kuniuliza kama bado nina ile poda. Nikamwambia iko kazini, kwenye mawe.

Wakati wote huo hatukujua kama wazee wa Elia watarudi. Ujumbe ulikuja Desemba, watu wakiwa wamejaa vijijini kwa sikukuu. Wangekuja Akheri, nao wangekuja na pombe yao. Hatukuambiwa zaidi. Huenda walikuwa wamemaliza kuchunguza, huenda Elia alikuwa amewachosha. Mama Neema alisema, "Wanakuja kukutazama."

Asubuhi ya siku hiyo alinijia na kikopo cha poda yake ya uso.

"Kidogo tu, Baba Neema. Tayani. Kwa ajili ya mtoto."

"Nikitoka jasho itachuruzika kwenye kata."

Alifikiri, akakifunga. "Kweli," alisema. "Itakuwa mbaya zaidi." Kisha akanipa leso mpya, iliyopigwa pasi, akanitilia mfukoni yeye mwenyewe.

Tulikaa uani, kwenye viti vya kuazima, migomba ikituzunguka. Mzee Elirehema aliwekwa mbele yangu. Tangu alipoketi hakuacha kuuchunguza uso wangu, shavu moja, kisha la pili, kisha tayani, kwa uvumilivu wa mnunuzi. Nilimwachia. Nami, kwa mazoea ya kazi, nikamchunguza yeye. Alikuwa na mafua. Alikuwa ametoka kuvuta ugoro, na matone mawili ya kahawia yalikuwa yananing'inia kwenye masharubu yake. Neema alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, bakuli tupu mikononi.

Pombe ilikuwa yao, kwa hiyo yeye ndiye aliyetakiwa kuionja kwanza. Akainua kata kwa mikono miwili, akazamisha masharubu yote, akanywa kwa kelele, mafunda makubwa. Akakohoa ndani yake. Alipoishusha niliona, bila lenzi, uzi wa kahawia ukielea juu ya povu, mrefu, ukijikunja pale pale kwenye ukingo aliponywea. Akaninyooshea kata, upande ule ule.

Wote walikuwa wakinitazama. Mkono wangu, wenyewe, ulikwenda mfukoni ukaishika leso, na nilipoihisi chini ya vidole, laini, iliyopigwa pasi, nilikumbuka leso nyingine. Nikaiacha. Nikaipokea kata kwa mikono miwili, nikaweka mdomo pale alipoweka wake, nikanywa, na ule uzi nikaumeza. Koo langu lilicheza, na kila aliyekuwepo aliliona.

Nikamrudishia. Mzee Elirehema alitazama ukingo, ulikuwa umelowa kwa mdomo wangu. Alivuta pumzi ya mafua. Akanywa hapo hapo, akajipangusa masharubu kwa kiganja, akampa mtu wa pembeni yake.

"Pombe yenu ile ya Januari," alisema, "sikuionja vizuri."

"Niliona, mzee," nikasema.

Neema aliolewa kabla ya masika. Madoa ya tayani yanaendelea kufifia. Ladha ya ule ugoro bado iko kinywani mwangu, na nikiikumbuka mate hunijaa.